"Na Pran": adui wa picha za Kihindi alivyojengwa

Kwenye picha za Kihindi za zamani, majina ya waigizaji hayakupangwa ovyo. Steringi, yaani shujaa wa picha, alitangulia pamoja na bibie wake, wakafuata wachekeshaji, wazazi, na wale wa pembeni. Majina yote yakiisha kupita, muziki wa mwanzo ukikaribia kunyamaza, likatokea jina moja peke yake katikati ya kioo: "na Pran". Hapo ukumbi mzima ulishajua kwamba kuna nyumba itavunjika, kuna binti atalizwa, na kuna mtu atakayelifanya hilo huku amevaa vizuri.

Jina lenyewe lina maana ya uhai, pumzi. Husimuliwa kule India kwamba kwa miaka mingi wazazi waliacha kuwaita watoto wao Pran kwa sababu ya mtu huyu mmoja. Huko kwetu wapo wazee waliomwona kwenye kumbi za sinema za Majestic ya Unguja au Avalon na Empire za Dar es Salaam, ambao hata leo ukiwatajia jina hilo hukunja uso kabla ya kutabasamu.

Pran Krishan Sikand alizaliwa Delhi tarehe 12 Februari 1920, akafariki Mumbai tarehe 12 Julai 2013 akiwa na miaka 93. Aliigiza picha zaidi ya 350. Habari zake husimuliwa kwa mkato: kwa miaka ishirini alikuwa adui, mwaka 1967 akapewa nafasi ya mtu mwema, watu wakampenda, basi. Kwangu mimi simulizi hiyo inaficha jambo kubwa. Inafunga furushi moja vitu ambavyo havifanani: kazi ya adui ndani ya hadithi, ustadi wa mtu anayeuvaa uadui huo, na soko linaloamua nani aigize nini. Tukivifungua kimoja kimoja, tunaona kwamba Pran hakugeuka ghafla, na kwamba alichokifanya alipokuwa adui ndicho kilichofanya wema wake uaminike.

Tuanze na adui mwenyewe. Sote tumekua na usemi kwamba steringi hafi. Sasa kama steringi hafi, na kila mtu ukumbini anajua hafi, hofu ya picha inatoka wapi? Inatoka kwa adui. Safari ya steringi inajulikana tangu mwanzo: atapenda, ataimba, ataonewa, atashinda. Adui ndiye mwenye mpango. Ndiye anayeghushi barua, anayeficha wosia, anayemnong'oneza baba mkwe. Mwondoe yeye, hadithi inakaa chini katikati ya njia.

Na adui wa miaka ya 1950 hakuwa lazima jambazi mwenye bastola. Mara nyingi alikuwa mtu wa ndani: binamu, shemeji, mchumba aliyechaguliwa na wazee, mtoto wa kabaila. India ilikuwa imepata uhuru mwaka 1947, majimbo yakawa yanapitisha sheria za kuwanyang'anya makabaila ardhi walizokuwa wakizishikilia, na watu walikuwa na kinyongo cha vizazi vingi. Picha zilihitaji mtu wa kukibeba kinyongo hicho usoni. Kabla ya Pran alikuwapo K. N. Singh, adui wa mjini, mwenye koti na kofia, macho makali, sauti ya chini. Alikuwa mzuri sana, lakini ulimtambua kutoka mbali. Pran alileta kitu kingine: adui ambaye kweli ungeweza kumwoza binti yako.

Chukua Madhumati ya mwaka 1958, aliyoiongoza Bimal Roy. Pran ni Ugra Narain, mwenye shamba la mbao milimani, bwana ambaye kila kinachoota na kila anayepumua kwenye ardhi yake anaona ni mali yake. Madhumati anakufa akimkimbia. Dilip Kumar, ambaye ndiye steringi, hamshindi kwa ngumi. Anamwandalia mtego: msichana anayefanana na marehemu ajitokeze mbele yake usiku, ili akiri mbele ya polisi. Sasa tazama vizuri pale mwishoni. Mzimu wenyewe hauna kazi kubwa, ni mwanamke aliyesimama na kuuliza maswali kwa utulivu. Anayekufanya uamini kwamba chumba kimeingiliwa na kitu kisicho cha dunia hii ni Pran, ile kiburi yake inavyomomoka kipande kwa kipande hadi anaanza kujibu kama mtoto. Tukio zima limewekwa juu ya uso wa adui, na kamera inalijua hilo.

Ustadi huo haukuanzia shuleni. Baba yake alikuwa mkandarasi wa serikali, akijenga barabara na madaraja, kwa hiyo familia ilihamahama na kijana akasoma miji mingi. Alitaka kuwa mpiga picha. Alijifunza kazi hiyo Delhi, ikampeleka Shimla, na huko kwenye maigizo ya mtaani ya Ramlila, yaani kisa cha Rama, mungu wa Wahindu, akapewa nafasi ya Sita, mke mwaminifu wa Rama. Aliyekuwa Rama ni Madan Puri. Wote wawili baadaye wakawa maadui wa sinema, na Madan Puri ni kaka wa Amrish Puri, adui mwingine wa sinema ambaye kizazi cha miaka ya 1980 hakihitaji kuelezwa ni nani.

Kutoka Shimla alikwenda Lahore, na hapo ndipo mwandishi wa hadithi za sinema, Wali Mohammad Wali, alipomwona kwenye kibanda cha tambuu. Kijana alikuwa amesimama tu, anatafuna tambuu yake, anatazama watu kwa dharau ya ujana. Wali akaona ndiye mtu aliyekuwa akimtafuta kwa ajili ya picha mpya. Ikawa Yamla Jat ya mwaka 1940, picha ya Kipunjabi, na Pran akawa mtu mbaya tangu siku ya kwanza.

Miaka miwili baadaye alijaribiwa kuwa steringi. Katika Khandaan ya 1942 alikuwa mpenzi wa Noor Jehan, binti mdogo kiasi kwamba ilibidi apandishwe juu ya matofali ili nyuso zao zilingane kwenye kamera. Picha ilifanya vizuri sana. Lakini Pran mwenyewe alisema baadaye kwamba hakujisikia sawa kuimba na kukimbia kuzunguka miti. Nadhani hapa ndipo penye ufunguo wa mambo mengi. Huyu hakuwa mtu aliyekosa usteringi akaangukia uadui. Alikuwa na sura nzuri, Kiurdu chake kilikuwa safi kama cha washairi, na nafasi ya usteringi aliipata na ikafanikiwa. Aliiacha.

Halafu ikaja 1947. Siku chache kabla ya India kugawanywa, Pran alitoka Lahore kwenda Indore, alikokuwa mkewe, kwa sababu mtoto wao wa kwanza alikuwa anatimiza mwaka mmoja. Nyuma yake mji ukawaka moto. Hakurudi tena. Aliingia Bombay, Mumbai ya leo, tarehe 14 Agosti 1947, mkesha wa uhuru, akiwa na jina kubwa Lahore, mji ambao sasa ulikuwa nchi nyingine, Pakistan. Kwa miezi kadhaa hakuna studio iliyomtaka, akafanya kazi hotelini. Waliomwokoa ni mwandishi Saadat Hasan Manto na mwigizaji Shyam, waliomfungulia mlango wa studio ya Bombay Talkies. Akapata Ziddi, iliyotoka mwaka 1948, na Dev Anand akiwa steringi pamoja na Kamini Kaushal. Lishike jina la Kamini, tutakutana naye tena.

Sasa soko. Miaka hiyo mfumo wa studio kubwa kuajiri waigizaji kwa mshahara ulikuwa unavunjika, kila mmoja akawa anauza kazi yake mwenyewe, picha kwa picha. Steringi alilazimika kujichunga: akionekana sana anachujuka, na mashabiki wa Raj Kapoor hawakutaka kumwona akiwa nyuma ya Dilip Kumar. Adui hakuwa na kizuizi hicho. Pran alipambana na Dilip Kumar, Raj Kapoor na Dev Anand, wote watatu, na kizazi kilichofuata cha Shammi Kapoor nacho kilipokuja kilimkuta palepale. Masteringi walipokezana, adui akabaki. Ndiyo maana waliosambaza picha walianza kulitafuta jina lake kwenye orodha kama mnunuzi anavyotafuta mhuri kwenye gunia. Lile "na Pran" la mwisho lilikuwa heshima, lakini pia lilikuwa tangazo la biashara. Hata kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Bunny Reuben mwaka 2004 kilichukua maneno hayo kuwa jina lake.

Hatari ya kazi kama hii ni kurudia uso uleule mara 350. Steringi huruhusiwa kujirudia, tena hudaiwa ajirudie. Watu wanamlipia yeye, siyo mhusika wake. Mwigizaji wa aina ya Pran huuza tofauti. Kila alipopewa mtu wa kuigiza, alimtaka mchoraji amchoree sura yake kwanza: nywele, masharubu, kilemba, kovu. Mawigi yake yalitengenezwa kwa uangalifu ambao wengine waliuweka kwenye nguo za harusi. Halafu akamtafutia kila mmoja tabia ndogo ya mwili. Katika Bari Behen ya 1949 ilikuwa moshi wa sigara, akiupuliza kwa viduara vinavyoelea hewani, na viduara hivyo vikawa alama yake kwa muda mrefu.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika Jis Desh Mein Ganga Behti Hai ya mwaka 1960. Pran ni Raaka, mnyang'anyi wa porini. Mara kwa mara, bila sababu inayoonekana, anaingiza kidole ndani ya ukosi wa nguo yake na kukizungusha shingoni, kana kwamba kuna kitu kinambana. Hakuna mtu katika picha anayeligusia jambo hilo. Ukikaa nalo kidogo ndipo linakuingia: mtu huyu anaishi huku akiihisi kamba ya kunyongwa. Anaua, anatisha, anacheka, na muda wote mwili wake unajua utakakoishia. Katika ishara hiyo moja ya kidole adui anakuwa mtu, na hukupata hata nafasi ya kuamua kama unataka kumhurumia.

Hapa ndipo ile simulizi ya "aligeuka mwaka 1967" inapoanza kulegea. Mwaka 1953 alikuwa daktari mwema katika Aah ya Raj Kapoor, na picha hiyo haikufanya vizuri sokoni. Mwaka 1956 aliigiza Halaku, mtawala wa Kimongolia, na picha ikaitwa Halaku, kwa jina la mhusika wake. Katika Half Ticket ya 1962 alikuwa mwizi anayechekesha, akimwimbia Kishore Kumar aliyejivika nguo za kike, na sauti zote mbili za wimbo ule, ya kike na ya kiume, ni za Kishore mwenyewe. Mwaka 1965, katika Shaheed, alikuwa mfungwa anayesubiri kunyongwa, jambazi mwenye moyo, pembeni ya mashujaa wa ukombozi. Manoj Kumar ndiye aliyekuwa steringi wa Shaheed. Aliona kilichokuwa ndani ya mtu yule, na hakukisahau.

Kwa upande mwingine, mwaka huohuo wa 1967 unaosemwa kuwa wa toba, Pran alikuwa shemeji katili katika Ram Aur Shyam, akimcharaza Dilip Kumar mijeledi ndani ya nyumba ya urithi wake. Mwaka uliofuata alikuwa adui tena katika Brahmachari. Kwa hiyo hakuna mstari ulionyooka. Kilichotokea 1967 ni kwamba watazamaji, kwa mara ya kwanza kwa pamoja, walimwona.

Picha ilikuwa Upkar, ya kwanza kuongozwa na Manoj Kumar, iliyotokana na wito wa Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri wa kuwaenzi askari na mkulima. Pran alipewa Malang Chacha. Chacha ni ami, baba mdogo, na Malang ni mtu wa kijijini anayetembea kwa magongo, mwenye ulimi mchungu na moyo safi. Alipewa pia wimbo, ulioimbwa na Manna Dey kwa muziki wa Kalyanji na Anandji, na husimuliwa kwamba watunzi wenyewe walisita kuukabidhi wimbo mzuri kama ule kwa uso wa adui. Maneno yake yanasema viapo na ahadi, mapenzi na uaminifu, vyote ni maneno tu, na maneno yana uzito gani.

Fikiria yanatoka kinywani mwa nani. Mtu ambaye kwa miaka ishirini ukumbi umemwona akivunja viapo, akighushi ahadi, akichezea mapenzi ya watu. Akiyaimba steringi, ni malalamiko ya kijana aliyeachwa. Akiyaimba Pran, ni ushahidi. Anaijua hiyo biashara kwa ndani. Muziki umepungua, anatembea kwa magongo, uso hauombi kuhurumiwa, na wewe uliyekuwa umejiandaa kumchukia unajikuta huna pa kuiweka ile chuki. Uadui wote wa nyuma ulikuwa akiba, na hapa ikatolewa siku moja.

Tazama na waliomzunguka. Mama katika Upkar ni Kamini Kaushal, bibie wa Ziddi miaka kumi na tisa nyuma. Mbaya wa kijiji ni Madan Puri, yule Rama wa Shimla. Na mdogo wa steringi anayepotoka ni Prem Chopra, kijana aliyekuwa anaanza kuchukua kiti ambacho Pran alikuwa anakiachia. Ni kama ukoo mzima wa maadui umekutana shambani kugawana kazi.

Upkar ilimpa tuzo ya Filmfare, jarida la sinema la India, ya mwigizaji msaidizi bora, akaipata tena kwa Aansoo Ban Gaye Phool. Ya tatu, kwa Be-Imaan ya mwaka 1972, aliikataa. Tuzo ya muziki mwaka ule ilikwenda kwa watunzi wa picha hiyohiyo ya kwake, naye aliamini ilistahili kwenda kwa Ghulam Mohammed wa Pakeezah, mtunzi aliyekuwa amefariki kabla picha yake haijatoka. Pran alirudisha tuzo yake kwa kumtetea marehemu asiyeweza kumlipa chochote. Na Raj Kapoor alipofilisika baada ya picha yake Mera Naam Joker, Pran alikubali kuigiza katika picha yake iliyofuata, Bobby, kwa rupia moja. Nayaweka haya kwa sababu mtu huyuhuyu mwenye moyo huo watu walimkimbia mitaani. Mwenyewe aliwahi kusimulia kwamba alialikwa chai kwa rafiki yake Delhi, na dada wa rafiki huyo akajiondoa sebuleni asikae na mtu kama yule. Aliibeba chuki hiyo kama sehemu ya mshahara.

Miaka ya 1970 maadui wenyewe walibadilika. Kabaila alikuwa amechoka kama mhusika, na mahali pake wakaingia wafanya magendo wa mjini, mabosi wenye majumba ya siri, na mwaka 1975 Amjad Khan akashuka kutoka majabalini katika Sholay na kuleta ukatili wa aina mpya kabisa. Pran hakugombana nao. Alikwishahamia kwenye nafasi iliyokuwa kati ya adui na ami, watu wazima wenye madhambi na heshima, na humo akabaki hadi Amar Akbar Anthony ya 1977 na Don ya 1978. Serikali ilimpa nishani ya Padma Bhushan mwaka 2001, na tuzo ya Dadasaheb Phalke, iliyo kubwa kuliko zote katika sinema ya India, ikapelekwa nyumbani kwake mwaka 2013, miezi michache kabla hajafariki, kwa kuwa afya haikumruhusu kwenda kuipokea.

Tukio ambalo ningemwonyesha mtu asiyemjua liko katika Zanjeer ya Prakash Mehra, mwaka 1973. Mastaa kadhaa walikuwa wameikataa picha ile. Pran ni miongoni mwa waliompendekeza kijana mrefu ambaye picha zake nyingi zilikuwa zimeanguka, Amitabh Bachchan. Pran ni Sher Khan, Mpathani (mtu wa kabila la Wapashtuni) mwenye ndevu na nywele nyekundu, bwana wa nyumba za kamari, anayeingia kituo cha polisi kama mtu anayeingia kwake. Anavuta kiti akae. Amitabh, inspekta kijana, anakipiga kiti teke kabla hajakikalia na kumwambia kwamba hapa ni kituo cha polisi, siyo nyumbani kwa baba yake.

Kila mtu hulitazama teke. Mimi naomba umtazame Pran baada ya teke. Hapigi kelele. Kuna nukta fupi ya mshangao, kisha macho yanapima, na ndani ya kipimo hicho kuna kitu kama furaha ya mtu aliyekutana na mwenzake hatimaye. Ukumbi haukumjua bado Amitabh. Ulimjua Pran, ulimwogopa tangu Ziddi, na ulipomwona Pran ameacha kiti kilale chini, ukamwamini kijana.